Vifaranga wanaokimbia hovyo: jinsi ya kuwazoesha mkono

Unafunua boksi tu, hujagusa hata kitu, wanapasuka kila upande, huyu amekanyaga maji, yule amejibana kona, mwingine anapiga kelele kama anachinjwa. Na wewe umekuja na chakula chao. Kama ndo hali uliyonayo hapo nyumbani usikate tamaa na wala usiseme umeuziwa kuku wakorofi, mi nafuga hapa Kigoma, chotara na kienyeji, na karibu kila kundi nililoleta lilianza hivohivo. Wanazoeleka. Ila kuna mambo tunawafanyia wenyewe bila kujua alafu tunashangaa mbona wanatuogopa.

Niliwahi kuleta vifaranga hamsini, walisafiri kwa basi, wakafika jioni wamechoka vumbi tupu. Watoto wa nyumbani wakafurahi, kila mmoja anataka wake, na mimi badala ya kuwazuia nikaingia nao kuwakamata kamata tukiwahesabu na kuangalia nani jogoo nani tetea, kitu ambacho kwa umri ule hata huwezi kukijua kwa macho tu. Usiku ule kila tukipita karibu na boksi wanakimbilia kona moja na kupandana. Asubuhi nikakuta saba wamekufa, wamelaliwa na wenzao, wamebapa kabisa. Hawakuwa wagonjwa, ni woga tu uliwakusanya pale. Iliniuma sana, na toka siku hiyo suala la kuzoesha vifaranga sio la kujifurahisha kwangu, ni sehemu ya kuwaweka hai.

Nilipomsimulia bibi yangu kule Ujiji, yeye amefuga kuku tangu hata sijazaliwa, akaniambia, mjukuu wangu, hao hawajakukataa wewe, wamekataa mkono unaotoka juu. Nilikaa nalo hilo neno. Na ukiangalia ni kweli kabisa, ukitembea mwaloni Kibirizi asubuhi unaona mwewe wanavyozunguka juu wakitafuta samaki, na huku mitaani ni haohao na kunguru wale wenye shingo nyeupe wanaobeba vifaranga. Kila kinachomla kifaranga mara nyingi kinamjia kutoka juu na kinakuja haraka. Anazaliwa nao huo woga, hafundishwi. Sasa wewe umesimama wima, mrefu, kivuli chako kinafunika boksi lote, alafu mkono unashuka ghafla kumdaka mgongoni. Kwake hiyo ni kucha ya mwewe, hana namna nyingine ya kuielewa.

Kwahiyo kabla ya kufikiria kumshika, badilisha bruda yako kwanza, yaani hilo boksi lenye joto unalowalelea. Mi boksi nimelipandisha juu ya meza, nikakata mlango ubavuni wa kama upana wa mkono na nusu nikaufunika na kipande cha neti, kwahiyo mkono wangu unaingia kwa pembeni, chini, kwenye usawa wa macho yao. Juu sifunui mpaka wakati wa kubadilisha maranda. Hiki kitu peke yake kilipunguza kelele zaidi ya nusu ndani ya siku mbili tatu. Kama bruda yako ipo chini sakafuni basi kaa chini na wewe, tandika kanga ukae kabisa, usichuchumae, maana mtu aliyechuchumaa anayumba yumba na akinyanyuka ananyanyuka ghafla. Na zile kona nne za boksi ziue, weka kipande cha katoni kilichokunjwa kila kona ili iwe mviringo, hata wakishtuka hawana pa kurundikana.

Joto nalo. Kifaranga anayetetemeka hawezi kujifunza kitu chochote, akili yake yote ipo kwenye kutafuta joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, alafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Huna kipimajoto? Waangalie wao, wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbia taa na kuhema midomo wazi joto limewazidi, wakitawanyika wanalala huku na kule kama watoto waliocheza wakachoka basi hapo ndo penyewe. Wanaotumia jiko la mkaa tafadhali hewa ipite, moshi wa mkaa unaua vifaranga na unaua watu, na jiko ulizungushie kitu wasiliguse. Chini usitandike karatasi laini la kuteleza maana miguu inapanuka na kuirudisha ni kazi, weka gunia siku za kwanza kisha maranda au pumba za mpunga.

Haya sasa tuje kwenye kuzoesha kwenyewe.

Siku walipofika usifanye kitu. Maji yenye glukosi au sukari kidogo, chakula, joto, basi. Ukiwaweka chovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji ajue yalipo, hiyo ndo iwe mara ya pekee ya kuwashika siku hiyo. Tofauti iliyopo ni kwamba wa siku moja hadi kama siku tatu bado woga haujamwingia vizuri, huyo anashika anachokiona na kukifuata, ndo maana waliototolewa na mashine utakuta wanamfuata mtoto wa watu kama mama yao. Ukiwapata katika huo umri una bahati, ongea nao sana na wakuone mara nyingi. Ila wengi wetu tunauziwa wa wiki mbili, mwezi, hao tayari wameshajua dunia ina wabaya, na ndo ninaowaandikia zaidi.

Siku ya pili na ya tatu kazi yako ni kukaa. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Kaa pembeni ya mlango wa boksi, ongea taratibu, sauti ileile kila siku. Kifaranga anajua sauti kabla hajaanguliwa, siku za mwisho ndani ya yai kabla ya ile ya 21 anakuwa analia mle ndani na mama anamjibu, ndo wanavyojuana. Wa mashine hakuna aliyemjibu, kwahiyo hiyo nafasi ni yako. Mi nasema tutututu kila nikiweka chakula, wewe tumia unayotaka ila usibadilishe badilishe, na usiitumie kwa kitu kingine, usije ukawaita tutututu alafu ukawadaka uwachanje, hapo umeiharibu.

Usiwatazame macho kwa macho muda wote. Angalia pembeni, chambua mboga, fanya kazi zako. Wakinyamaza na kurudi kula huku wewe upo, hatua ya kwanza imepita, na kwa wengine inachukua siku moja na kwa wengine wiki nzima.

Kisha mkono. Weka kiganja chini kwenye maranda, kimefunguka, juu yake stata kidogo, kile chakula cha kuanzia cha vifaranga, alafu utulie. Utulie kweli, sio unawasogelea sogelea. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, kifaranga amefika hatua mbili na mtu anaona uvumilivu umemwisha anampeleka mkono, kwisha habari, umerudi mwanzo. Na ukitaka kuwavuta tumia kidole, gonga gonga kwenye chakula na ncha ya kidole cha shahada, tak tak tak, kama mama kuku anavyodonoa kuwaonyesha watoto. Hawawezi kuvumilia hiyo. Utaona shingo zinanyooka, mmoja anakuja, anageuza kichwa akuangalie kwa jicho moja, anarudi nyuma, anakuja tena. Wa kwanza kwangu katika kundi lililofuata alikuwa kajike kamoja ka rangi ya udongo, alidonoa kwanza ukucha wangu mara tatu kana kwamba anauliza huyu naye ni nini, ndo akadonoa chakula, kisha akapanda mguu mmoja kwenye kiganja, vile vidole vyake vya baridi vyembamba kama njiti za kiberiti. Sikupumua. Dakika ileile wawili wakamfuata, maana vifaranga wanaigana, ukimpata mmoja shujaa huna haja ya kuhangaika na wote.

Chakula cha kuwahonga, huku kwetu tuna bahati kubwa. Dagaa wa ziwani. Sio wale wa kununua kwa bei za kula watu, hapana, ulizia chenga zinazobaki chini ya gunia, vichwa na vipande vipande, wauzaji wanakupa kwa bei nafuu. Osha au pepeta mchanga utoke maana wengine wameanikwa chini mchangani, kausha, twanga kwenye kinu mpaka wawe kama unga wa chenga chenga. Wale waliotiwa chumvi usiwape kabisa, chumvi nyingi inaua vifaranga haraka. Kijiko kimoja cha chai kwa vifaranga kumi kinatosha, ni cha kuhonga tu, stata ndo chakula. Harufu ya dagaa ikipita kwenye boksi utaona wenyewe.

Kitu kingine wanachokipenda kupita kiasi ni mchwa. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanajaa kwenye taa, okota. Wakati wa kiangazi tega, chukua chungu kibovu, jaza mabua na mavi makavu ya ng'ombe, nyunyizia maji, kipindue jioni juu ya tundu la mchwa, asubuhi na mapema ukifunua wamo. Wape wale wadogo weupe, wale askari wenye vichwa vikubwa wanang'ata, wape kuku wakubwa. Na ukishaanza kuwapa wadudu na majani weka na mchanga mdogo kwenye kisahani, kuku hana meno, anasaga kwa mchanga.

Mda mzuri ni asubuhi kabla hujajaza chombo cha chakula, wana njaa kidogo. Kidogo nimesema, nusu saa ukiondoa chombo inatosha, kuna watu wanawalaza njaa ili wawapende, hiyo ni kuwatesa na wanaishia kudonoana.

Wakishakula mkononi siku tatu nne bila kushtuka ndo unaanza kugusa. Akiwa anakula, kidole kimoja kinagusa kifua kwa chini, sio mgongo. Mgongo ni wa mwisho kabisa. Siku nyingine unanyanyua kiganja kidogo huku yupo juu yake, sentimita mbili tatu, unashusha. Siku nyingine juu zaidi. Ukifika pa kumbeba, kiganja kimoja chini ya kifua miguu ikipita katikati ya vidole, kingine kimefunika mabawa bila kubana. Hili la kubana nawaomba mlisikie vizuri hasa mkiwapa watoto, kuku hana ule msuli wa kupumulia tulionao sisi chini ya mapafu, anapumua kwa kupanua kifua chake, ukimkaba kifua hata kwa upendo hapati hewa. Anakufa kimya mkononi mwa mtoto anayempenda.

Akipapatika usimwachie hapohapo. Mlaze kifuani kwako, funika macho kwa kiganja, subiri atulie hata sekunde tano, ndo umshushe mpaka chini miguu iguse. Ukimwachia akiwa anapigana anajifunza kuwa kupigana kunafanya kazi. Lakini ukimwona anahema mdomo wazi au amelegea, mshushe mara moja, huyo amezidiwa.

Utajuaje kuwa amekuamini? Sikiliza sauti kwanza. Ile chiii chiii kali ya juu isiyokatika ni anaita msaada, ama ana baridi ama amepotea ama anaogopa. Sauti ndogo ndogo za chini, pip pip pip kama anaongea mwenyewe, ameridhika. Na kuna siku utakuwa umemweka mapajani jioni utaona macho yanafumba, kope la chini ndo linapanda juu polepole sio la juu kushuka kama letu, kichwa kinazama kwenye manyoya, amelala. Kifaranga hawezi kulala mbele ya anachokiogopa.

Ila angalizo kubwa. Kuna kifaranga mpole na kuna kifaranga mgonjwa, na wanafanana kwa mbali. Anayekubali kushikwa ghafla wakati jana alikuwa anakimbia, mabawa yameshuka, amejikunyata peke yake, hataki kula, kinyesi kina damu au kimegandia nyuma, huyo hajakuzoea, huyo anaumwa. Mtenge siku hiyohiyo, muite mtaalamu wa mifugo wa kata. Nimeona mtu anamshangilia kifaranga katulia kumbe ni kuhara damu na kesho yake walikuwa sita.

Tukija kwenye chanjo, maana ndo inayovuruga urafiki. Kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle, hakisubiri uwe umemaliza kuwazoesha, lazima wachanjwe, na hii ya tone la jicho unamshika mmoja mmoja. Mi nafanya jioni giza linapoingia, kuku usiku haoni vizuri kwahiyo hana nguvu ya kukimbia, taa ndogo iko chini, jirani yangu ndo anashika na mimi nadondosha. Siutumi mkono wangu kukamata. Siku inayofuata simgusi yeyote, nakaa tu, tutututu na dagaa. Ndani ya siku mbili wamesahau. Mwenye kuwachanja mchana kwa kuwakimbiza na fimbo uwanja mzima, huyo atarudia kuzoesha upya, na wengine watakufa kwa mshtuko na joto kabla hata ya chanjo kufanya kazi.

Giza hilohilo linasaidia kwa wale wakubwa uliowanunua sokoni, wa mwezi na nusu miezi miwili, waliofungwa miguu wakaning'inizwa kichwa chini tangu kijijini. Hao wana haki ya kukuogopa. Usiwafungulie uwanjani siku ya kwanza hutawaona tena. Wafungie banda dogo siku saba hadi kumi, na kila usiku wakishatulia nenda, ongea kwanza kabla hujafika ili wakujue, mshike mmoja kwa chini, mkae naye dakika mbili, mrudishe palepale. Mchana usiwaguse, lisha tu. Wengine hawatakuja kupanda mkononi maisha yao yote na hiyo sio shida, unachotaka ni wasikukimbie.

Wenye vifaranga wanaolelewa na mama, kazi yenu iko kwa mama. Mama akikushtukia anatoa ule mlio wake mmoja tu na watoto wote wanapotea kwenye majani, hata ungekuwa na gunia la dagaa. Kwahiyo mzoeshe yeye kuanzia akiwa analalia, mpelekee maji na mtama palepale kwenye kiota kila siku mda uleule bila kumgusa mayai, siku 21 ni nyingi zinatosha mkajuana. Akiangua, mfunike na watoto kwenye tenga siku za mwanzo, lisha kupitia matundu. Ukimwona mama anakula mkononi watoto wanatoka chini ya mbawa wenyewe, wanaangalia anakula nini. Usimnyang'anye watoto huku anaona, kuku jike anakumbuka na atakurukia machoni.

Watoto wa nyumbani wapeni kazi badala ya kuwafukuza. Wangu wana sheria tatu, kukaa chini, mkono uwe wazi, na kunawa na sabuni ukimaliza, hakuna kubusu kuku maana kinyesi chao kina vijidudu vya kuharisha. Anayekimbiza kifaranga hata mara moja anakaa nje siku hiyo. Mbwa na paka hapana kabisa, hata yule mnayesema ni mpole, kumwona tu amekaa anatazama boksi kunatosha kuharibu wiki yako.

Wakifika wiki ya tano ya sita wanaanza kutoka nje, na hapo ndo utaona faida. Nilianza kuwagongea kopo la maziwa lenye mahindi ya chenga tangu wakiwa ndani, nagonga, tutututu, nawapa. Sasa mvua zetu hizi zinazotoka ziwani unaona weusi kule upande wa Kongo na robo saa haijaisha imeshafika, zamani nilikuwa nakimbia kuzunguka michikichi ya watu nikiwatafuta mmoja mmoja, siku hizi nasimama mlangoni mwa banda nagonga kopo wanakuja mbio mabawa wameyatanua wanakanyagana miguuni kwangu. Jioni vilevile, sifukuzi mtu.

Wote isipokuwa mmoja. Kuna jogoo mdogo mweusi mwenye doa jeupe mkiani, tangu wiki ya pili nipo naye na hajawahi kupanda mkononi hata mara moja. Anakuja na wenzake akisikia kopo, anasimama hatua mbili tatu pembeni, anasubiri. Namtupia palepale aliposimama, anakula, anaingia bandani wa mwisho.